Gari Lililolegea Kiuno

  Mama mwenye redio sokoni, ongeza sauti kidogo. Kijana uliye chini ya gari na spana mkononi, endelea na kazi lakini tega sikio, maana mazungumzo ya leo ni yako.

Leo ni siku ya gari. Si bei ya mafuta. Hiyo tukiianza, kipindi kitakwisha hatujafika katikati. Ni mwili wa gari lenyewe: kwa nini hulegea, na chuma cha kukaza kinalisaidia nini likiwa barabarani.

Kila dereva wa teksi mjini Kisangani anaijua dalili. Gari linaingia kona. Usukani umeshazungushwa, mbele kumeitikia, lakini nyuma kunafuata baadaye kidogo, kama mtu aliyeamshwa usingizini. Dashibodi inalia krii. Mlango uliokuwa ukifungwa kwa kidole sasa unataka kusukumwa kwa goti. Dereva analipeleka gereji, fundi anazunguka mara moja, anagonga bodi kwa kiganja, kisha anatoa hukumu: "Papa, gari limelegea. Tulitie vyuma."

Vyuma gani? Vitiwe wapi? Na vikishatiwa, hiyo nguvu iliyokuwa inalipinda gari itakwenda wapi? Swali hili la mwisho ndilo ambalo watu hawaliulizi, na ndilo lenye kazi kubwa leo.

Kabla ya kuingia gereji, twende kwanza kwenye maporomoko ya Wagenia. Wageni husafiri kutoka mbali kuja kupiga picha pale, na sisi wa hapa tumeyazoea hata hatuyatazami tena. Wavuvi wa Kigenia wamesimamisha miti mikubwa katikati ya maji yanayonguruma, wameifunga kwa kamba za porini, na kwenye miti hiyo hushusha mitego yao mikubwa ya umbo la pia. Maji yale yangeweza kulibeba lori. Mbona miti inasimama?

Ukitazama vizuri utaona kwamba hakuna mti uliosimama peke yake. Imeegemezana mitatu mitatu, miguu imetanuka chini, vichwa vimefungwa pamoja juu. Popote unapogeuza jicho unaona pembetatu. Na siri yake hata mtoto anaweza kuipima: chukua vijiti vinne, vifunge pembeni vifanye mraba, kisha usukume upande mmoja. Utalala. Funga kijiti kimoja zaidi kutoka pembe hadi pembe, usukume tena. Safari hii unakataa. Kijiti kimoja tu kimeugeuza mraba kuwa pembetatu mbili, na pembetatu hailali mpaka kitu kivunjike.

Lakini maporomoko yale yana somo la pili, na ni zito kuliko la kwanza. Mti wa Mgenia haumalizi nguvu ya maji. Unaipokea, unaishusha, unaikabidhi kwenye tundu la mwamba ambamo mguu wake umekaa. Mwamba ndio unaobeba. Mahali pa mwamba pangekuwa na tope, mti ungekuwa mzima na mtego ungekwenda na maji. Shikeni hilo, wasikilizaji, tutalirudia: nguvu haiishi, inahama.

Sasa anayepika karibu na redio na atupe kiberiti chake. Toa kile kitanda cha ndani chenye njiti, ubaki na ganda. Libonyeze pembeni kwa vidole viwili: linalala kama ule mraba wetu. Rudisha kitanda ndani, bonyeza tena. Limekuwa gumu, sivyo? Kadibodi ni ileile. Kilichobadilika ni kwamba matundu ya mwanzo na mwisho yamezibwa na kuta ndogo zinazokataa kulala.

Bodi ya gari ni ganda la kiberiti lenye matundu mengi. Milango minne, mlango wa nyuma, madirisha. Ndiyo maana gari la mizigo lenye mlango mkubwa nyuma hujipinda kwa urahisi kuliko gari dogo lenye buti lililofungwa kwa ukuta nyuma ya kiti. Hata kioo cha mbele kilichogandishwa kwa gundi kwenye magari ya kisasa kina sehemu katika ugumu wa bodi. Akikibandika upya mtu asiyejali, gari huwa limepoteza msaidizi mmoja bila mwenyewe kujua.

Hapa lazima tutenganishe magari ya aina mbili, na mto wetu utatusaidia tena. Kuna mtumbwi, na kuna baleinière, zile mashua kubwa za mbao zinazopanda na kushuka na abiria na magunia yao. Baleinière ina mkuku na mataruma. Mbao zimepigiliwa juu ya mifupa hiyo. Mtumbwi umechongwa kwenye gogo moja, hauna mfupa. Nguvu yake imo kwenye ngozi yake.

Lori, Land Cruiser ya kazi, Hilux: hizo ni baleinière. Chini kuna chasisi, vyuma viwili virefu vilivyounganishwa na vingine vifupi, kama ngazi iliyolazwa, na bodi imekalishwa juu yake kwa mipira. Zile Toyota ndogo za mitumba zinazotufikia kutoka Japani kupitia Mombasa na Kampala, usukani ukiwa kulia katika nchi inayoendesha kulia: hizo ni mitumbwi. Ukiinama chini ukatafuta chasisi ndefu hutaiona. Bodi ndiyo chasisi. Mtindo huo si wa jana. Waitalia wa Lancia walikuwa nao kwenye Lambda mwaka 1922, na Citroën ya Ufaransa iliupeleka kwa watu wengi kwa gari lake la Traction Avant la mwaka 1934.

Kwa nini tunajali tofauti hiyo? Kwa sababu kutu chini ya mlango wa Land Cruiser ni aibu tu, lakini kutu palepale kwenye gari dogo ni mtumbwi uliooza ubavu. Na hakuna chuma cha kufungwa mbele ya injini kinachoponya ubavu uliooza.

Haya, tufungue boneti. Kwenye magari mengi madogo, gurudumu la mbele limeshikwa na mguu mmoja ambao ndani yake mna springi na shokapu pamoja. Mpango huo unaitwa kwa jina la Earle MacPherson, injinia wa Kimarekani ambaye kazi yake ilianza kuonekana kwenye magari ya Ford mwishoni mwa miaka ya 1940. Kichwa cha mguu huo kimefungwa kwa nati kwenye bodi, kimoja kulia, kimoja kushoto. Gari likikata kona kwa kasi, uzito unahamia gurudumu la nje, na kichwa cha mguu wa upande huo kinaisukuma bodi kwa ndani. Bodi inakubali kidogo. Ni kidogo sana, lakini gurudumu linabadilisha mlalo wake, tairi halilali tena chini kama lilivyopangiwa, na dereva anahisi usukani unasema jambo moja na gari linafanya jingine.

Dawa yake ni upau. Kipande cha bomba kinachovuka juu ya injini kutoka kichwa hiki hadi kile. Kichwa cha kulia kikisukumwa, upau unapeleka sukumo kwa cha kushoto, na vyote viwili vinabeba pamoja. Nguvu imehama, imegawanywa. Usukani unajibu mapema kidogo, na unajibu vilevile leo na kesho.

Upau huo una sharti. Uwe umenyooka. Ule uliokunjwa kama upinde ili uruke injini hugeuka springi: ukisukumwa unazidi kujikunja. Ncha zake zikiwa na bawaba zinazochezacheza, faida inapungua tena. Na bati unaloufungia liwe zima, maana kufunga upau kwenye bati lililoliwa na kutu ni kusimamisha mti wa Mgenia kwenye tope. Nairobi na Kampala utawaona vijana wa Subaru wameufunga upau mwekundu unaong'aa, boneti huachwa wazi ili watu wauone. Hakuna ubaya. Kuna upau wa kazi na kuna upau wa harusi, muhimu mwenye gari ajue alinunua upi.

Lakini tuulizane kwa upole: ile kona laini ya lami, inayopitwa kwa kasi kubwa, ambayo upau huu ulitengenezewa, kwa hapa kwetu iko wapi? Teksi ya Kisangani inaishi kwenye mashimo. Inakwenda polepole, inapiga breki, inakwepa pikipiki, inashuka gurudumu moja kwenye shimo huku matatu yako juu. Gari la namna hiyo likiyumba, mara tisa katika kumi bodi haina hatia. Angalia bushi za mikono ya chini kwanza: tia mtaimbo, sukuma, uone kama chuma kinatembea ndani ya mpira. Tikisa gurudumu juu na chini, kulia na kushoto. Tazama shokapu, ambazo wengi hapa huziita amortisa: zikiwa zimelowa mafuta, zimekwisha. Angalia upepo wa matairi yote manne, si ya mbele tu. Kukaza bodi huku bushi zimekufa ni kufunga mkanda mpya kwenye suruali iliyopasuka.

Kwa hiyo bodi iachwe tu? Hapana. Umewahi kulisukuma gari lililokwama huku miguu yako imesimama kwenye tope? Mikono ina nguvu, lakini miguu inateleza, na gari halisogei. Springi na shokapu ziko hivyohivyo. Zinaweza kufanya kazi pale tu ambapo kitu zinachokisukuma kimetulia. Bodi ikipinda, bodi yenyewe imekuwa springi ya tano, na springi hiyo haina shokapu ya kuituliza.

Watu waliolielewa hilo kuliko wote katika sehemu zetu za dunia ni mafundi wa Safari Rally. Mashindano hayo yalianza mwaka 1953, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika, kwenye vumbi, mawe na tope zito. Mwaka 1965 walishinda ndugu wawili, Joginder na Jaswant Singh, na gari lao halikuwa sanduku la chuma lenye chasisi ya lori. Lilikuwa Volvo PV544, gari la bodi moja, mtumbwi. Joginder alikuwa fundi kabla ya kuwa dereva, akashinda tena mwaka 1974 na 1976 na Mitsubishi Lancer. Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, aliibeba Safari mara tano: mwaka 1973, kisha mfululizo kutoka 1979 hadi 1982.

Gari la rali huandaliwaje? Kiwandani mabati hushikanishwa kwa nukta nukta za kuchomelea, zikiachana. Fundi wa rali hupita kati ya nukta hizo akiongeza mishono mifupi mifupi. Ndani ya gari huingiza kizimba cha mabomba, ambacho kinamlinda dereva gari likibiringika, na ambacho, kikiungwa vizuri, kinaishika bodi nzima kutoka mbele hadi nyuma kwa pembetatu. Pale miguu inaposhikwa huongeza mabati. Bodi inakuwa kama ngumi. Lakini sikilizeni sehemu hii: springi zake hazifanywi kama mawe. Zinapewa safari ndefu ya kupanda na kushuka, ili gurudumu lifuate shimo na kutoka nalo. Bodi ngumu, miguu laini.

Sisi tunafanya kinyume. Bodi ngumu, miguu laini, ndivyo wanavyofanya wao. Kwetu tunaongeza jani la springi juu ya jani ili gari libebe magunia zaidi, miguu inakuwa migumu kama nguzo, na bodi inaachwa ilivyo. Gurudumu likigonga shimo, jani halikubali. Nguvu inahama, inapanda juu. Inafika pale springi inapofungwa, na pale ndipo ufa unaanzia. Mwenye gari anasema chuma cha siku hizi ni kibovu!

Sasa lori, na hapa tukae kidogo, maana malori ndiyo yanayoulisha mji huu kila mto unapochelewesha mzigo. Barabara ya Taifa namba 4 inatoka Kisangani, inapita Bafwasende, Nia-Nia, Mambasa na Komanda hadi Beni, zaidi ya kilomita 700, nyingi zake ndani ya msitu. Lori liko kwenye tope: gurudumu la mbele kulia limezama, la nyuma kushoto limezama, mengine yako juu. Chasisi inanyongwa kama mama anayekamua nguo.

Na chasisi ya lori imetengenezwa ikubali kunyongwa kidogo. Jambo hili huwashangaza wengi. Vile vyuma viwili virefu si bomba lililofungwa. Vimekunjwa kama mfereji uliolazwa ubavu, na umbo la wazi hukubali kujipinda bila kuvunjika. Kwa hiyo fundi anayesema "nitaifunga isitingishike kabisa" anapigana na kiwanda. Ufa ukitokea, kawaida yetu ni kuibandika chasisi bati la pili, kuichomelea kuzunguka pande zote, kisha lori linarudi njiani. Baada ya safari kadhaa linarudi gereji, limepasuka tena. Wapi? Si pale pa zamani. Limepasuka pale bati jipya linapoishia.

Bila shaka mmeshajibu wenyewe. Nguvu haikuisha, ilihama. Sehemu iliyobandikwa imekuwa ngumu ghafla, jirani yake imebaki laini, na mpaka kati ya ngumu na laini ndio unaokatika. Fundi mzoefu hukata ncha za bati kwa mshazari, kama ulimi, ili ugumu upungue polepole. Huchomelea kwa urefu wa chasisi na kuepuka mshono unaoikata chasisi kukingama. Hatoboi matundu kwenye midomo ya juu na chini ya chasisi, maana hapo ndipo chuma kinapovutwa na kubanwa zaidi. Matundu yakihitajika, hukaa kwenye ubavu wa katikati. Na ufa wenyewe hautupiwi chuma juu tu. Kwanza hutobolewa tundu dogo mwisho wake ili usiendelee kutembea, kisha husagwa kwa umbo la V ili chuma kipya kifike chini kabisa.

Halafu kuna umeme. Umeme wa bwawa la Tshopo ukikatika, mashine ya kuchomelea inahamia kwenye jenereta, na jenereta dogo halina pumzi ya kutosha. Mshono unatoka umekaa juu ya chuma kama ugali uliomwagika sahanini: ukitazama ni mzuri, lakini haukuingia. Vijiti vya kuchomelea, bageti zetu, vikilala kwenye unyevu wa mji huu ambao mvua haiupi nafasi, vinaacha vitundu ndani ya mshono. Fundi anayevitunza ndani ya kopo lililofungwa si mchoyo, anaijua kazi. Na kabla ya kuwasha, nyaya za betri zifunguliwe, na kibano cha mashine kifungwe karibu na mahali panapochomelewa, ili umeme usipite kwenye beringi au kwenye kompyuta ya gari ukaziua.

Wazee wa kazi hiyo hapa mjini walijifunzia wapi? Wengi kwenye toleka. Vijana mliozaliwa na pikipiki, ulizeni: baiskeli ya teksi, kiti cha sponji nyuma, jina la Kilingala lenye maana ya tupite. Baiskeli iliyotengenezwa kwa mtu mmoja ikapewa abiria na mizigo yake. Mchomeleaji alikaza uma wa mbele kwa nondo mbili ubavuni, akaongeza miguu ya karia, na baiskeli ikabeba. Uma ukishakuwa mgumu, zamu ya kulemewa ilikuwa ya shingo ya fremu. Shingo ikikazwa, zamu ya ekseli ya nyuma na sipoku zake. Mchomeleaji wa toleka alikuwa akiifukuza nguvu kiungo kwa kiungo, mpaka ilipofika kwenye tairi na ardhi, ambako ndiko ilikotakiwa kwenda tangu mwanzo.

Basi aliyeamua kukaza gari lake wiki hii aanze na uzi. Gari lisimame kwenye sakafu tambarare, kwa magurudumu yake yote manne. Si juu ya jeki: ukilichomelea likiwa limepinda, limepindishwa daima. Chini ya gari chagua bolti nne zinazolingana, mbili mbele, mbili nyuma. Vuta uzi kutoka ya mbele kulia hadi ya nyuma kushoto, funga fundo. Kisha vuta uzi huohuo kutoka ya mbele kushoto hadi ya nyuma kulia. Fundo lisipofika palepale, gari limeshapinda, na chuma chochote utakachokifunga sasa kitakuwa kinalinda kosa. Kwanza linyooshwe. Baada ya kuchomelea, pima tena, kwa uzi huohuo, kabla fundi hajapaka rangi.

Muda wetu umekwisha. Wiki ijayo ni matairi ya mitumba, namna ya kusoma tarakimu nne zilizo ubavuni. Na yule kijana chini ya gari, sasa unaweza kutoka.